Pamba Ilibaki Nyeupe

Da Nang, 6 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Manyunyu ya Nam Dinh yameisha, au bado nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu bila kukauka? Sisi huku ni wazima kabisa, jua ni la kutosha, na mimi mwanao nina furaha ambayo naona haya hata kuiandika.

Leo ni siku ya arobaini na moja tangu arusi. Nazihesabu. Khoat ananicheka, anasema wanaohesabu siku ni wafungwa, nami namwambia basi kifungo changu kiwe cha maisha. Asubuhi huamka kabla yangu akaninunulia tambi za mchuzi kwa mama wa kona, na huzileta mchuzi mbali, majani mbali, kwa sababu anajua sipendi majani yaliyolegea. Jioni akifika hupiga honi mara mbili pale chini, na moyo wangu huruka kama sijawahi kuisikia. Shuleni tulikuwa tukisoma hadithi za mapenzi tumezificha chini ya dawati, nikidhani waandishi wanatia chumvi. Kumbe walikuwa wanaipunguza.

Jambo moja tu linaniuma, na nisipokwambia wewe nitamwambia nani? Siku ya arusi ulisimama na kikombe mkononi, mbele ya wajomba zake wote, ukasema: "Mimi nachora watu. Mkwe wangu anabonyeza kitufe, kompyuta inamchorea. Picha zake ni kama matunda ya plastiki. Yatazameni tu, ila msiyaweke madhabahuni, mababu watavunjika meno." Watu wakacheka. Khoat naye alicheka, akakumiminia chai tena kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimesimama na gauni langu jekundu, natamani sakafu inimeze.

Tangu siku hiyo hajalitaja jambo hilo. Lakini akiwa anachora, nikiingia chumbani, anakigeuza kile kibao chake cha kioo kielekee ukutani, kama kijana aliyekutwa na barua ya msichana. Anachora majalada ya vitabu vya watoto, Baba, kwa kalamu isiyo na wino, mstari kwa mstari, na uso mmoja humchukua siku nyingi kuliko unavyodhani. Simjui mwanaume mwingine anayeona haya kwa kazi anayoipenda.

Haya, nisikuchoshe. Ndani ya bomba hili la karatasi ngumu kuna zawadi kwa ajili ya kumbukumbu ya kifo cha Mama. Jirani yetu, kule Hoi An, kuna mzee mmoja anaitwa Quyet, mchoraji wa nyuso za marehemu kwa unga wa masizi kama wewe. Nilimpelekea ile picha ndogo ya kitambulisho, yenye kutu ya pini mdomoni, naye amemchora Mama. Miaka sita sasa kwenye madhabahu yetu kuna kipicha kama stempu, na jirani yako Mzee Luong hakosi kukutania kuwa unachora wafu wa mtaa mzima isipokuwa wako. Mwaka huu anyamaze.

Itazame kwanza kwa ile lenzi yako, ndipo uniandikie. Najua simu huipendi, unasema sauti haikai. Nasubiri barua.

Mwanao mwenye bahati,
Hoai


Nam Dinh, 29 Aprili

Binti yangu Hoai,

Marahaba. Goti lipo, linanijulisha mvua kabla ya redio. Nguo zimekauka. Wasalimie wakwe zako, na usiniandikie habari za honi, mimi ni baba yako.

Bomba lilifika siku nne kabla ya kumbukumbu. Nilisukuma meza hadi dirishani, nikanawa mikono, nikalifungua.

Sijui nikwambieje. Jicho la kushoto la mama yako lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia. Kwenye picha ya kitambulisho halionekani, kwa sababu mpiga picha alimlazimisha kuinua kidevu. Mtu huyu ameliona. Na mdomo, pale kwenye kutu, ambapo hapana kitu kabisa cha kufuata, ameweka ule mdomo wake wa kujizuia, wa mtu aliyesikia mzaha mezani na anasubiri wageni waondoke ndipo acheke. Nilikaa naye mpaka chai ikapoa.

Siku ya kumbukumbu walikuja watu kumi na mmoja. Unaijua desturi ya wachoraji wa mtaa wetu: kabla picha haijapandishwa madhabahuni, marehemu anatajiwa jina la aliyemchora, ajue anaingia kwa mkono wa nani. Niliwasha vijiti vitatu vya ubani, nikasema kwa sauti, "Mama Hoai, mkono uliokuleta ni wa Quyet wa Hoi An." Ndipo nikampandisha. Mzee Luong aliinua shingo, akatazama, akatazama tena, akasema, "Thuyen, huyu kakushinda." Nikamwambia najua. Tukala. Kuku alikuwa mgumu, dada yako mkubwa hajui kuchagua kuku.

Mbali na barua hii nimetuma kifurushi, ndani yake kuna brashi. Ni ile aliyonipa mwalimu wangu, ya manyoya ya sikio la ng'ombe, sijamshikisha mtu mwingine. Mpe Mzee Quyet. Mwambie inatoka kwa mtu wa kazi yake, atanielewa.

Na huyo mumeo mwambie aende Hoi An akakae mlangoni kwa huyo mzee, atazame jinsi mtu anavyochorwa. Siyo matusi, ni ushauri.

Baba yako


Da Nang, 5 Mei

Baba yangu, Baba yangu,

Shikamoo, na goti pole, na samahani kama mwandiko unakimbia. Nimeisoma barua yako mara tano. Mara ya tano niliisoma bafuni na bomba limefunguliwa, nicheke bila majirani kunisikia.

Hakuna Mzee Quyet.

Ni Khoat, Baba. Aliyemchora Mama ni Khoat wangu. Hayo yote uliyoyaona kwa lenzi, jicho, mdomo, ni kazi ya mtu anayebonyeza kitufe.

Ngoja nikueleze, maana nimelibeba hili mpaka limenichosha. Alifanya jioni kumi na moja, kuanzia saa kumi na moja akitoka kazini mpaka wali ulipoiva. Alinikalisha mbele yake kwenye kigoda. Akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Mama akicheka alijifunika kwa mkono gani? Akikasirika alitazama chini au pembeni? Alikuwa akivuta sindano kwa jicho lipi karibu? Nikamwambia alikuwa akiinamisha kichwa upande wa kushoto, akasema, "Basi jicho hilo lilikuwa chini kidogo." Ndivyo alivyolijua. Mdomo aliufuta mara kumi na tisa. Kila mara mimi nasema siye, siye, siye. Mara ya ishirini nililia, naye akaweka kalamu chini. Aliichora nyeusi na nyeupe kwa sababu nilimwambia ndivyo unavyopenda. Tukaichapisha kwenye karatasi nzito ya pamba.

Ningekwambia ni yeye, ungeifungua? Ungeiacha ndani ya bomba mpaka leo. Nilitaka jicho lako lione kabla sikio halijasikia jina. Na limeona. Umekubali amekushinda, mbele ya Mzee Luong, mbele ya watu kumi na mmoja. Sasa nani ana matunda ya plastiki, Baba?

Yeye hajui kwamba nilitumia jina la mtu mwingine. Anadhani unajua, na kila jioni akipanda ngazi huuliza kama kuna barua. Mwandikie mistari miwili tu. Mwambie hayo hayo uliyomwambia Mzee Quyet. Nitaitia kwenye fremu.

Mwanao aliyeshinda,
Hoai


Da Nang, 18 Julai

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nauliza kweli, maana dada anasema duka lako limefungwa tangu Mei na ule ubao wenye jina lako umeutoa. Anasema ukiulizwa unajibu kwamba macho yanapumzika.

Miezi miwili na nusu nimesubiri, na kila wiki niliyosubiri, barua yangu ya mwisho ilizidi kunirudia kichwani, mpaka sasa najua kila neno lake na hakuna hata moja nisilolionea aibu. Nilikuandikia wewe, baba yangu, "sasa nani ana matunda ya plastiki." Niliandika na moyo umejaa furaha. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba nilikuwa na furaha.

Kifurushi chako kilichelewa njiani. Kilifika siku tatu baada ya kuituma ile barua, mimi nikiwa sokoni, akakipokea Khoat. Niliporudi alikuwa amekaa na ile brashi mapajani, na kile kikaratasi chako cha "Kwa Mzee Quyet" mkononi.

"Mzee Quyet ni nani?" akaniuliza.

Nikamweleza. Nilieleza nikicheka, nikidhani naye atacheka. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo Baba alisimama mbele ya mama yako akamtajia mtu asiyekuwepo."

"Lakini aliisifu, Khoat. Aliisifu kuliko kitu chochote alichowahi kukisifu."

"Kamsifu nani? Mimi nilikuwa nikipanda ngazi kila siku nikiwaza labda leo Baba kaandika. Hata akinitukana sawa, angekuwa ananitukana mimi." Kisha akasema, taratibu, jinsi anavyosema kila kitu, "Wewe umeolewa na mimi au na ugomvi wako na baba yako?"

Nilienda kuchambua mboga. Nilizichambua mpaka zikabaki mashina.

Hatugombani. Bado ananiletea tambi asubuhi. Lakini honi hupiga mara moja siku hizi, na nyuso hachori tena, anachora nyumba na miti. Nilimwomba anichore mimi, akasema baadaye.

Nilidhani nakuonyesha thamani yake. Kumbe nilimficha, kama vile hata mimi naona jina lake haliwezi kusimama mbele yako. Wewe ulimdharau wazi, na chai mkononi. Mimi nilimdharau nikidhani nampenda.

Na Mama. Siwezi kuandika juu ya Mama. Kama umeishusha picha yake, nitaelewa. Nisamehe, au usinisamehe, ila niandikie.

Mwanao,
Hoai


Nam Dinh, 2 Agosti

Binti yangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Macho hayapumziki, hayo nilimdanganya dada yako. Nilikuwa nimekaa ndani kwa sababu ya aibu, na aibu yenyewe siyo unayoidhania.

Barua yako ya Mei niliisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya birika. Unadhani ilinidhalilisha. Soma sasa, na usimfiche mumeo hata mstari mmoja.

Mkono wangu wa kulia unatetemeka. Ulianza mwaka ule mama yako alipolala kitandani, nikasema ni uchovu. Baada ya mazishi haukuacha. Kwa miaka sita sijachora uso hata mmoja kwa mkono huu peke yake. Nyuma ya stesheni kuna duka la picha, na msichana mmoja anayejua kompyuta. Nampelekea picha za wateja, anazisafisha, anazikuza, ananichapishia kwa rangi hafifu sana kwenye karatasi yangu. Mimi narudi nyumbani, nafunga mlango, napitisha masizi juu yake. Kupitisha tu naweza, mtetemo hauonekani. Kisha naweka jina langu pembeni. Ishirini na sita, Hoai. Nimezihesabu. Ishirini na sita wametajiwa mkono wa Thuyen.

Ndiyo maana mama yako alikaa na stempu. Wafu wa watu niliweza kuwadanganya. Yeye nilishindwa.

Sasa unajua niliposimama na kile kikombe nilikuwa natukana nani. Nilimwona mkwe wangu, kijana aliyeulizwa na wajomba anafanya kazi gani, akajibu bila kuficha, "Nachora kwa kompyuta." Alisema hivyo tu, kama mtu anayetaja kijiji chake. Nilitaka watu wacheke kwa sauti ili nisijisikie.

Na picha yenyewe. Siku ile nilipoifungua dirishani nilichukua kipande cha pamba, nikasugua pembeni ya bega, taratibu. Kazi ya masizi huacha weusi kidogo kwenye pamba, hata iwe na miaka mingapi. Pamba ilibaki nyeupe. Basi nilijua siku ile ile kwamba imechapishwa. Nilitaka kuirudisha kwenye bomba, nikashindwa, mama yako alikuwa amekwisha kunitazama.

Nikafikiri hivi: huyu Mzee Quyet naye mkono wake unatetemeka. Naye ana duka lake nyuma ya stesheni fulani. Nilifurahi, binti yangu. Miaka sita nilikuwa peke yangu ndani ya jambo hili, hatimaye nikapata mwenzangu. Brashi ile nilimpelekea kama mwizi anavyomsalimu mwizi. "Atanielewa," nilikuandikia, na wewe ukadhani ni sifa.

Kisha barua yako ikaja, nikaona mwizi ni mmoja. Wewe umedanganya jina moja. Usiniombe radhi tena. Mkwe wangu hajadanganya chochote. Alikukalisha kwenye kigoda akauliza mkono gani, jicho lipi. Mimi na yule msichana tulikuwa na mashine kama ya Khoat, na hatukumuuliza mtu lolote.

Jumapili iliyopita niliwaita wale wale kumi na mmoja. Sikupika, nisije nikajificha nyuma ya chakula. Niliishusha picha, nikamwambia mama yako kwamba jina alilotajiwa lilikuwa la uongo, kwamba mkono uliomleta ni wa Khoat, mume wa Hoai. Nikampandisha tena.

Mzee Luong akauliza, "Kwa hiyo hii ni ya kompyuta?"

Nikamwambia, "Ni ya mkwe wangu."

"Nilishangaa," akasema. "Tangu lini wewe ukamsifu mchoraji aliye hai."

Kisha nikawaambia habari za mkono na za stesheni. Hapo hakuna aliyetania. Luong alitazama viatu vyake. Wawili waliondoka bila kuaga, mmoja wao nilimchorea baba yake.

Jumatatu nikaanza kuzunguka kwa wengine. Nyumba ya kwanza walichukua picha, wakanirudishia mkononi, wakafunga mlango bila kelele, na ningependa wangepiga kelele. Nyumba ya pili ilikuwa ya Bibi Nhan, wa mtaa wa mfereji. Mdogo wake alikufa vitani akiwa na miaka kumi na tisa, hakuacha picha yoyote. Miaka mitatu iliyopita aliniomba nimtengeneze kutokana na sura yake yeye, kama wachoraji tulivyofanya siku zote kwa walioanguka. Nilipaswa kukaa naye wiki nzima, nimuulize. Nilimpiga picha yeye, nikaipeleka stesheni, yule msichana akaigeuza ya kiume kwa muda wa kunywa chai.

Nilimweleza hivyo, nimesimama, kofia mkononi.

"Basi huyu niliyekuwa namwekea wali ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, Dada. Tumekuvalisha kofia ya askari."

Alimtazama pale juu madhabahuni. "Nilikuwa najiuliza," akasema. "Mdogo wangu alikuwa mzuri wa sura."

Nikaomba radhi. Akaniambia nikae chini, namzuia mwanga. Akanisimulia kwamba kijana huyo alikuwa na jino lililopanda, kwamba alikuwa akijikwaruza nyusi anapodanganya. Alisema hayo yote alikuwa nayo tayari mwaka ule, alikuwa ameyapanga kabisa kichwani, akisubiri nimuulize. Nilisikiliza na kuinamisha kichwa. Mambo hayo si ya kumwambia mtu ambaye mkono wake umekufa, lakini aliniambia.

Mwisho akauliza, "Huyo mkweo wa Da Nang. Ni mchoraji kweli, au naye ni wa kubonyeza?"

Nikamjibu ni mchoraji kweli. Lilikuwa jibu fupi.

"Mlete," akasema. "Na asichelewe, nina miaka sabini na nane."

Ile brashi Khoat asiirudishe, ni yake. Treni ya Jumamosi inafika kwetu saa tatu asubuhi. Mwambie Khoat kwamba ninamwomba, mimi, kwa jina langu. Akikataa, nitakuwa nimestahili, na utaniandikia hivyo hivyo, bila kumsemea maneno matamu. Akikubali, njooni wote wawili. Nitakuwa stesheni, upande wa mbele.

Baba yako